Nilimwita mwanangu mwizi kwa sababu ya faili moja

Kuna neno nilimwambia mwanangu mwaka jana ambalo nikilikumbuka mpaka leo natamani ardhi ipasuke nijifiche. Nilimwita mwizi. Hakuiba hela, hakuchukua simu ya mtu, wala hakukutwa na kitu cha jirani. Nilimwita mwizi kwa sababu ya faili moja kwenye kompyuta yake.

Nawasimulia wazazi wenzangu kwa kuwa naamini siko peke yangu. Watoto wetu wanafanya mambo kwenye simu na kompyuta ambayo sisi hatukufundishwa. Tusipoelewa, wengi wetu tunakimbilia kuhukumu. Mimi nilihukumu haraka, tena kwa kujiamini, kwa sababu ni mwalimu.

Nafundisha hisabati sekondari, hapa Morogoro, na huu ni mwaka wangu wa 19. Mwanafunzi yeyote aliyepita mikononi mwangu atakwambia kwamba mwalimu huyu hataki kudesa. Ukinakili kazi ya mwenzako, napata sababu ya kuandika sifuri mbili, yako na ya aliyekupa. Nimeshakuta majibu kwenye viganja, kwenye soli za viatu na ndani ya kifuniko cha kikokotoo. Nyumbani sheria ni ile ile.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 16, wakati huo alikuwa kidato cha tatu katika shule nyingine, si ninayofundisha. Zamu yangu ya kikoba ilipofika nilimnunulia kompyuta mpakato iliyotumika. Betri yake haimalizi nusu saa, kwa hiyo muda wote imechomekwa ukutani, karibu na meza ya chakula. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa marefu, anarudi nyumbani baada ya wiki mbili au tatu. Alipoiona alicheka akasema, “Mama, umemnunulia sinema.”

Haikuwa sinema. Alikuwa anatengeneza gemu.

Hata hapo mwanzo tu nilishtuka. Siku moja napita nyuma yake nimebeba sufuria ya ugali, nikaona kwenye kioo neno LÖVE, kwa herufi kubwa. Nikasimama. Kijana wa kidato cha tatu, saa mbili usiku, na neno la mapenzi mbele yake. Nikamuuliza hiyo ni nini. Akacheka mpaka akainama. Akanieleza kuwa hilo ni jina la programu ya bure ya kutengenezea magemu, na kwamba unaiandikia maagizo kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Lua. Lua ilibuniwa mwaka 1993 katika chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro, Brazil, na kwa Kireno neno hilo maana yake ni mwezi. Nikaona basi, kama ni mwezi sina neno.

Gemu lenyewe lilikuwa la daladala. Unaiona barabara kutoka juu, kama ndege anavyoiona. Wewe ndiye dereva. Unakwepa mashimo, unasimama vituoni, unapakia abiria, mafuta yanapungua. Wakipanda wanafunzi wengi unapata nauli kidogo, na ukiwaacha kituoni unapoteza alama. Hiyo ya mwisho aliiweka kwa ajili yangu, maana kila siku namsikia akilalamika jinsi makonda wanavyowafukuza. Mwalimu wa klabu ya sayansi shuleni kwao alilipenda, akaliweka kwenye orodha ya kazi za maonyesho ya shule. Nyumba nzima ikajua. Hata mdogo wake wa darasa la nne alikuwa anatangaza mtaani kuwa kaka ametengeneza gemu.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Jumapili moja jioni aliacha kompyuta wazi akaenda kuoga. Nikakaa, nikasema ngoja nione mwanangu anavyoandika. Ndani ya folda la gemu nikakuta mafaili manne. Matatu niliona yana maneno yake, “kituo”, “abiria”, “mafuta”. La nne liliitwa lume.lua. Nikalifungua. Mamia ya mistari, mizuri, imenyooka, haina hata neno moja la Kiswahili. Na pale juu, kwenye mistari ya mwanzo, ishara ya hakimiliki na jina la mtu: rxi. Herufi tatu. Si jina la mwanangu.

Nilihisi damu imenipanda kichwani. Miaka yote ninakamata watoto wa wenzangu, kumbe wangu ananakili hapa mezani kwangu.

Alipotoka bafuni nilimuuliza, “Hili faili umeliandika wewe?”

“Hapana mama, hiyo ni laibrari.”

“Laibrari gani? Maktaba ina vitabu. Hapa naona kazi ya mtu mwenye jina lake.”

“Ni ya kusaidia tu, mama. Kila mtu anatumia.”

Kila mtu anatumia. Wazazi ambao ni walimu wanajua sentensi hiyo inavyotuuma, ndiyo wanayoitumia wote tunaowakamata. Nikamwambia, “Kila mtu akiiba na wewe unaiba? Wewe ni mwizi. Unataka kwenda kusimama mbele ya shule na kazi ya mtu.” Mbele ya macho yake nililifuta lile faili. Kisha nikachukua simu nikampigia mwalimu wake wa klabu, nikamwambia amtoe kwenye maonyesho kwa kuwa kazi si yake. Mwalimu yule akaniuliza kwa upole, “Una hakika, mwalimu?” Nikasema nina hakika. Simu ya kijana nayo nikaiweka kabatini.

Hakulia wala hakujibu. Akafungua gemu lake, na badala ya barabara kikatokea kioo cha rangi ya bluu, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba kuna hitilafu, kitu kinachoitwa lume hakipatikani. Akakitazama kidogo, akafunga kompyuta, akaenda kulala bila kula.

Zikapita wiki mbili. Salamu alitoa, “Shikamoo mama” asubuhi, na alichota maji na kuosha vyombo kama kawaida. Ila hadithi ziliisha. Zamani akirudi shule alikuwa ananifuata jikoni kunisimulia mambo ya dereva na konda. Sasa akimaliza kazi anakaa na daftari. Mimi nikajipongeza kwamba adhabu imefanya kazi, kijana amerudi kwenye masomo.

Jumamosi ya wiki ya pili nilikwenda Kihonda kwa mdogo wangu, ambaye ni fundi seremala. Alikuwa ananitengenezea meza. Nilimkuta anakata miguu ya viti vya mteja, seti ya viti sita, mbao za mninga. Nilimsimulia yaliyotokea nikitegemea aniunge mkono. Yeye akaendelea na kazi. Ukutani kwake kuna misumari mingi, na kila msumari umening’iniza kipande cha plaiwudi kilichokatwa kwa umbo fulani: mguu wa kiti, mgongo wa kiti, pembe ya kitanda. Anachukua kipande, anakilaza juu ya ubao, anachora kwa penseli kukizunguka, anakata. Mguu wa kwanza na wa ishirini na nne vinatoka sawasawa.

Akaniambia, “Dada, hivi vipande sikuvikata mimi. Aliniachia mzee aliyenifundisha kazi. Viti unavyokalia nyumbani kwako vimetoka hapa ukutani. Na mimi ni mwizi?”

Nikamwambia si sawa. “Wewe hata bila hivyo vipande unajua kutengeneza kiti.”

“Najua. Na yeye umemuuliza kama anajua?”

Sikuwa nimemuuliza. Nilimuuliza kama ameliandika, akanijibu ukweli, na nikamwadhibu kwa jibu la kweli. Kadiri nilivyokuwa natembea kurudi kituoni ndivyo jambo lingine lilivyonijia. Jina la mwenye kazi lilikuwa pale juu, wazi. Katika miaka yangu yote sijawahi kukamata mwanafunzi aliyenakili kazi ya mwenzake akaacha na jina la mwenzake juu ya karatasi. Jina ndicho kitu cha kwanza wanachofuta. Mwanangu alikuwa na miezi ya kulifuta, na hakuligusa.

Nilipofika nyumbani kijana alikuwa mpirani. Nikawasha kompyuta. Bahati nzuri, faili lililofutwa linakwenda kwanza kwenye kapu la taka la kompyuta, na hakuna aliyekuwa amelimwaga lile kapu. Nikalirudisha mahali pake, nikachukua miwani, nikaanza kusoma kama ninavyosahihisha mtihani.

Aibu ya kwanza niliipata dakika ileile. Ule mstari wa jina niliousoma siku ile ulikuwa mwanzo tu. Chini yake kulikuwa na aya nzima ambayo sikuisoma. Ni leseni inayojulikana kama leseni ya MIT, imepewa jina la chuo kikuu kimoja cha Marekani. Kwa maneno yangu inasema hivi: mtu yeyote anaruhusiwa kulichukua faili hili bila malipo, kulitumia, kulinakili, kulibadilisha, hata kuuza kitu alichokitengeneza nalo. Sharti lake ni kwamba tamko hili na jina la mwenye kazi vibaki kwenye kila nakala. Na mwenye kazi hatoi dhamana yoyote, likikuharibikia ni juu yako.

Yaani mwanangu alitimiza sharti lote. Na mimi, ambaye kila mtihani nawaambia watoto “someni swali mpaka mwisho”, nilisoma mstari mmoja nikatoa hukumu.

Nikaendelea kusoma. Wazazi, naomba mnivumilie kidogo hapa, maana ndipo nilipoelewa watoto hawa wanafanya nini, na nitajaribu kueleza bila kuwachosha.

Lile faili ni mkusanyiko wa kazi ndogondogo ambazo karibu kila mtengeneza magemu anazihitaji. Zinaitwa fanksheni, na hilo ni neno tunalolitumia hata darasani: unaipa namba, inafanya hesabu, inakurudishia jibu. Awe anatengeneza gemu la daladala, la mpira au la kuku anayevuka barabara, mtengenezaji atakutana na maswali yaleyale. Kitu hiki kiko umbali gani na kile? Nifanyeje namba isizidi kiwango? Nichague vipi kwa bahati nasibu? Basi huyo rxi aliziandika mara moja, vizuri, akaziweka kwenye faili moja ili wengine wasianze upya kila mara.

Ya kwanza niliyoitambua ilinichekesha. Inapima umbali kati ya nukta mbili. Daladala ikiwa hapa, kituo kikiwa hatua 3 kulia na 4 mbele, umbali ni 5. Ni kanuni ya Pythagoras, ninayoifundisha kila mwaka na kila mwaka naulizwa, “Mwalimu, hii itatusaidia nini maishani?” Kumbe jibu lilikuwa mezani kwangu: kompyuta inaitumia kila sekunde kujua kama dereva amefika karibu na kituo vya kutosha abiria wapande.

Nyingine inabana namba kati ya kiwango cha chini na cha juu. Mafuta ni kati ya 0 na 100. Ukijaza ukapata 120, inarudisha 100. Yakishuka mpaka hasi 3, inarudisha 0. Nyingine inakusaidia kusogea kidogo kidogo kutoka namba moja kwenda nyingine. Mwanangu aliitumia kufanya picha iifuate daladala taratibu: kila mara inasogea sehemu ya kumi ya umbali uliobaki, 100 unabaki 90, 90 unabaki 81, ndiyo maana haikutikisi macho. Na nyingine inakadiria namba, hata kwa hatua unazotaka. Ukiiambia ikadirie 430 kwa hamsini hamsini, inakupa 450. Nauli zikawa za sarafu zilizopo.

Nikiwa hapo nikaona daftari lake limelala pembeni ya kompyuta. Nikalifungua nikitegemea fizikia. Nikakuta kurasa na kurasa za gemu. Katika zile wiki mbili ambazo nilidhani amerudi kwenye masomo, alikuwa anajaribu kuziandika fanksheni zote mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa kalamu. Ukurasa wa mwanzo ameandika, “Ili mama asiseme nimeiba.”

Sikuweza kusoma kwa muda.

Nilipojikaza nikaangalia kazi yake. Umbali alikuwa amepata. Kubana namba alikuwa amepata. Kukadiria alikosea, na chini yake ameandika kwa hasira, “Kwa nini gari linahamia kulia???” Hapo ualimu ukaniingia. Kanuni yake ilikuwa ile tuliyoizoea: ongeza nusu, kisha shuka mpaka namba nzima. Kwa 2.5 unapata 3, vizuri. Lakini kwenye gemu lake kulia ni namba chanya na kushoto ni hasi, na kila ukikata usukani gari linasogea 2.5. Sasa chukua hasi 2.5, ongeza nusu, unapata hasi 2. Kwa hiyo kulia daladala ilikwenda hatua 3 na kushoto 2. Ukikata kulia na kushoto mara sawa, bado inajikuta imehamia kulia, na kwetu tunakoendesha kushoto, kulia ndiko magari yanakotokea.

Nikarudi kwenye faili la rxi kuona yeye alifanyaje. Aliigawa kazi mara mbili. Kama namba si hasi, ongeza nusu kisha shuka. Kama ni hasi, punguza nusu kisha panda. Hasi 2.5 inakuwa hasi 3. Pande zote mbili sawa. Ni mstari mmoja tu, lakini aliyeuandika alishalifikiria shimo ambalo mwanangu aliingia. Na mimi nilimwona mtoto mvivu kwa kutumia kazi ya mtu aliyekwisha kuliona hilo shimo akaliziba.

Aliporudi kutoka mpirani, miguu ina vumbi mpaka magotini, alinikuta nimekaa kwenye kiti chake. Akasimama mlangoni. Nadhani aliogopa.

Kumwomba mtoto msamaha si kazi rahisi kwa wazazi wa kizazi chetu. Mimi sikuwahi kuombwa msamaha na mama yangu, hata alipokosea. Tulijua amejuta tukiona nyama siku ambayo si sikukuu. Nilifikiria kupika pilau nimalize hivyo. Lakini neno mwizi nililisema kwa mdomo, nikaona lazima litolewe kwa mdomo.

Nikamwambia, “Baba, nilikosea. Wewe si mwizi. Uliniambia ukweli nikakuadhibu. Nisamehe.”

Akaangalia chini. Kisha akasema, “Maonyesho yamepita, mama.”

Yalikuwa yamepita, siku tatu nyuma. Nilikuwa nimesahau hata tarehe. Nilimwambia nitampigia mwalimu wake nimweleze ukweli, na nilimpigia palepale, spika ikiwa wazi ili kijana asikie nikisema kwamba mwenye kosa ni mimi. Mwalimu alipokea vizuri. Ila siku iliyopita haikurudi, na sitaki kuwadanganya kwamba ilirudi. Wenzake walisimama mbele ya wazazi wakaonyesha kazi zao, yeye alikuwa kwenye benchi la nyuma. Hilo ni langu mpaka kesho.

Jumapili iliyofuata nilifanya jambo ambalo mdogo wangu alilisema na ambalo nilipaswa kuanza nalo. Nilikaa naye, nikamwambia, “Nionyeshe kila unachokitumia kwenye lile faili, unieleze kinafanyaje kazi.” Alikuwa anatumia fanksheni tano. Nne alinieleza kama mwalimu. Ya tano akakwama. Ni ile inayochagua nani atapanda kwenye kituo kinachofuata: mtu mzima, mwanafunzi, au mama mwenye mzigo mkubwa. Alijua kuitumia: alikuwa ameipa watu wazima uzito wa 6, wanafunzi 3, wenye mizigo 1. Lakini inavyochagua hakujua. “Naiamini tu,” akasema.

Hapo ndipo nilipoona kwamba wasiwasi wangu haukuwa wa bure wote. Kutumia kazi ya mwingine kwa ruhusa si wizi, lakini kutumia usichokielewa ni hatari ya aina nyingine. Siku kitu kikiharibika hutajua pa kuanzia. Ila dawa yake si kufuta faili.

Mada ya uwezekano nilikuwa nimezoea kuifundisha kidato cha nne, kwa hiyo alikuwa bado. Nikamtuma mdogo wake kwa mangi aombe vizibo vya soda. Tukaweka kwenye bakuli vyekundu 6, vya kijani 3, cha bluu 1. Yule mdogo akafumba macho, akawa anachomoa, mimi naandika, kaka yake anarudisha na kuchanganya. Mara 100. Tulipata vyekundu 58, vya kijani 33, bluu 9. Kisha tukaisoma ile fanksheni pamoja. Inajumlisha uzito wote, 10. Inachukua namba ya bahati nasibu kati ya 0 na 10. Ikiwa chini ya 6, ni mtu mzima. La sivyo inatoa 6, inauliza kilichobaki kiko chini ya 3? Basi ni mwanafunzi. La sivyo ni mama mwenye mzigo.

“Kumbe ni vizibo tu!” akasema. Ndiyo mara ya kwanza katika wiki tatu nilimsikia akicheka.

Kuanzia siku ile nyumbani kwetu tuna makubaliano, na nayaweka hapa kwa mzazi yeyote ambaye mtoto wake anacheza na mambo haya. Ukikuta mtoto ametumia kazi ya mtu mwingine, kabla ya kupandisha sauti muulize mambo matatu. Kwanza, mwenye kazi ameruhusu, na kwa sharti gani? Akuonyeshe palipoandikwa, nawe usome mpaka mwisho. Pili, jina la mwenye kazi liko wapi? Tatu, unaweza kunieleza inavyofanya kazi? Akijibu yote matatu, mwache aendelee, na mpe hongera. Akikwama la kwanza au la pili, hapo pana la kurekebisha. Akikwama la tatu, kaeni chini mjifunze pamoja. Si lazima uwe mwalimu wa hisabati. Mwache akueleze wewe usiyejua. Akishindwa kukueleza, mwenyewe ataona pengo lake liko wapi.

Na usiseme neno mwizi.

Gemu la daladala sasa linafanya kazi. Baba yake aliporudi safari alilicheza usiku kucha, akagonga mashimo mengi kwa mtu anayeishi kwa udereva. Ukifika mwisho wa gemu yanatokea majina: la mwanangu kama mtengenezaji, la mdogo wake kama mchoraji wa abiria, na chini, “Shukrani kwa rxi kwa lume.” Hajawahi kumwona mtu huyo wala kuzungumza naye.

Zile fanksheni alizoziandika kwenye daftari hakuzitupa. Amezisahihisha, akaziingiza kwenye faili lake mwenyewe, amelipa jina zana.lua, na maelezo yake ameyaandika kwa Kiswahili. Mwezi uliopita rafiki yake wa shule, naye ameanza kutengeneza gemu la bodaboda, alikuja na flashi kuliomba. Nilikuwa jikoni nachambua mchele nikawasikia.

“Chukua tu,” mwanangu akamwambia, “ila jina langu pale juu usilifute. Na kesho unieleze ile ya kukadiria namba inafanyaje, ukishindwa nitakufundisha.”